Dhahabu iko wapi ndani ya dhahabu?

Mpwa wangu ana miaka 13. Jioni moja alinifuata na daftari lake la kemia, limefunguliwa kwenye ukurasa wenye michoro miwili aliyoichora kwa bikari: atomi ya dhahabu kushoto, atomi ya risasi kulia, duara ndani ya duara, na vidoti vingi mpaka karatasi ilikuwa imeanza kutoboka.

"Mjomba," akaniuliza, "protoni za dhahabu ni tofauti na za risasi?"

Nikamwambia hapana, protoni ni protoni popote ilipo.

"Na nyutroni?"

Zilezile.

"Elektroni je?"

Zilezile pia. Akayatazama maduara yake kwa muda. "Sasa dhahabu iko wapi?"

Nikamtajia namba atomia, naye akaitikia kwa kichwa tu, maana hilo alikuwa ameshalikariri: dhahabu 79, risasi 82. Hakuwa ananiuliza namba. Alitaka kujua inawezekanaje vitu vitatu, visivyo na rangi wala mng'ao, vikikusanyika kwa hesabu hii viwe pete, na vikikusanyika kwa hesabu ile viwe risasi ya kijivu. Na hicho tunachokiita dhahabu, ukiingia ndani ya atomi kukitafuta, unakikuta pahali gani?

Mimi kemia niliisoma kwa kughani. Elementi 20 za kwanza tulizitamka darasa zima kwa sauti moja, hidrojeni, heli, lithi, berili, boroni, kaboni, na mpaka leo ukiniamsha usiku nitakutajia zote kwa mpangilio. Nilifaulu mitihani. Lakini katika miaka yote ile swali la mpwa wangu halikuwahi kunijia, na nasikitika kwamba halikunijia, kwa sababu karibu kila kitu kizuri katika kemia kimo ndani yake. Nikamwomba tulitafute jibu pamoja. Ilituchukua jioni kadhaa.

Tulianza na elektroni, kwa kuwa ndizo zilizo nje na ndizo rahisi kuondoka. Ukisugua puto kwenye nywele zako, elektroni zinahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine na hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo tukajiuliza hivi: atomi ya dhahabu ina elektroni 79, ikinyang'anywa baadhi, inaacha kuwa dhahabu?

Nikamsimulia kisa cha George de Hevesy. Aprili 1940, majeshi ya Ujerumani ya Kinazi yalipoingia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mkemia huyu mzaliwa wa Hungaria alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya mwanafizikia Niels Bohr. Humo zilikuwa zimehifadhiwa medali mbili za Nobel, moja ya Max von Laue na nyingine ya James Franck, wanafizikia wa Kijerumani. Kuvusha dhahabu nje ya Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na majina ya wenyewe yalikuwa yamechongwa juu ya medali. De Hevesy alifikiri azizike ardhini. Bohr hakukubali, kwani kilichozikwa hufukuliwa. Ndipo akazitia kwenye maji ya kifalme, yaani mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya hidrokloriki. Dhahabu ni ngumu kuyeyushwa na asidi, kazi ikamchukua muda, lakini mwishowe medali zote mbili zikawa kimiminika ndani ya chupa. Chupa ikawekwa kwenye rafu. Askari walipekua jengo na wakaiacha palepale. Vita vilipokwisha, de Hevesy aliikuta ilivyokuwa. Dhahabu ikatolewa kwenye ile asidi, na medali zikafuliwa upya kwa ajili ya wenyewe.

Mpwa wangu alikipenda kisa kwa sababu ya wale askari. Mimi nilimtaka atazame ndani ya chupa. Asidi ya nitriki huipora kila atomi ya dhahabu elektroni tatu. Klorini inayotoka kwenye asidi ya pili huizunguka ile atomi iliyoporwa, nne kwa kila moja, na kuelea nayo majini isirudi kujiunga na wenzake. Humo hakuna kinachong'aa. Hakuna kinachofulika wala kupitisha umeme kama metali. Alama zote tunazoitambulia dhahabu zimepotea. Hata hivyo zirudishie zile elektroni tatu tatu, na dhahabu inatuama chini ya chombo, ileile, bila kupungua. Kwa miaka yote ya vita, hakuna hata atomi moja ndani ya chupa ile iliyokuwa imeacha kuwa dhahabu.

Akaandika kwenye daftari: *Si elektroni.* Halafu akaongeza mfano wa kwake aliousoma kitabuni. Sodiamu ina elektroni 11, na kipande chake kikitupwa majini hulipuka. Ikishatoa elektroni moja inabaki na 10, idadi ileile ya neoni, gesi isiyojishughulisha na yeyote. Lakini sodiamu yenye elektroni 10 haijawa neoni. Inatulia tu, na inabaki kuwa sodiamu ndani ya chumvi.

Nyutroni hazikutuchelewesha. Kiini cha hidrojeni ya kawaida, yaani kitovu cha atomi yake, ni protoni moja tupu. Kipo cha hidrojeni chenye protoni moja na nyutroni moja, na kingine chenye nyutroni mbili. Vyote vitatu ni hidrojeni, vyote huungana na oksijeni vikawa maji. Kaboni ina atomi zenye nyutroni 6, 7 na 8. Hii yenye nyutroni 8, kaboni 14, ilituonyesha kitu kingine. Nyutroni yake moja hugeuka kuwa protoni, na dakika hiyohiyo atomi ile, iliyokuwa na protoni 6, inakuwa na 7, nayo si kaboni tena. Ni nitrojeni. Hakuna kilichoongezwa kutoka nje isipokuwa hesabu ya protoni imebadilika, na jina la kitu limebadilika nayo. Nusu ya kaboni 14 yoyote hugeuka hivyo kila baada ya miaka 5,730 hivi, na ndiyo saa inayotumiwa kupimia umri wa mbao na mifupa ya kale.

Kwa hiyo ni protoni: namba atomia ni idadi yao tu. Hapo ndipo wengi tunaposimama, kwa sababu kitabu nacho kimesimama hapo. Mpwa wangu hakusimama. "Nani alizihesabu?" akauliza. "Kama ni ndogo hivyo, nani aliona kwamba ni 79 na si 78?"

Swali hili nalipenda kuliko yote, na jibu lake ni refu.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwamba kuna kitu cha kuhesabu. Watu walikuwa na mizani tu. John Dalton, mwanzoni mwa karne ya 19, alieleza kwamba kila elementi imeundwa kwa atomi zinazofanana, na kwamba atomi za elementi mbili tofauti hazina uzito mmoja. Ukishika wazo hilo unaweza kuzipanga elementi kwa uzito, na mwaka 1869 Dmitri Mendeleev alizipanga, akaona tabia zao zinajirudia kwa zamu kama vina vya shairi. Alipokuta mahali ambapo zamu inataka elementi isiyojulikana, aliacha nafasi wazi. Ila kulikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua. Teluri ni nzito kuliko iodini. Kwa mizani, iodini ilipaswa kutangulia. Kwa tabia, iodini ilikuwa na undugu wa wazi na klorini na bromini, kwa hiyo ilipaswa kufuata. Mendeleev alifuata tabia na kuamini kwamba uzito wa teluri ulipimwa vibaya. Haukuwa umepimwa vibaya. Alikosea sababu, akapatia mahali, na namheshimu kwa hilo: mizani ilimwambia kitu kimoja, elementi zenyewe zikamwambia kingine, naye akazisikiliza elementi.

Kisha ikaja karatasi ya dhahabu. Dhahabu hufulika kuliko metali zote. Unaweza kuigonga mpaka ikawa nyembamba kupita kiasi. Ndiyo maana Ernest Rutherford na wenzake katika chuo kikuu cha Manchester waliitumia. Mwaka 1909 Hans Geiger pamoja na Ernest Marsden, mwanafunzi wa miaka 20, walikuwa wakipiga karatasi za metali kwa chembe za alfa, yaani chembe ndogo zenye chaji chanya zinazorushwa na vitu nururishi, halafu wanakaa gizani wakichungulia kwa darubini skrini ndogo iliyopakwa salfidi ya zinki. Kila chembe ikigonga skrini, panamweka nukta ya mwanga. Kazi yao ilikuwa kuhesabu nukta. Nataka msomaji aifikirie kazi hiyo vizuri: macho yanasubiri gizani mpaka yazoee, kisha saa baada ya saa, nukta, nukta, nukta.

Karibu zote zilipita kana kwamba mbele yao hapakuwa na kitu. Lakini chache ziligeuka vikali, na nyingine zikarudi zilikotoka. Kwa karatasi ya dhahabu yenye unene wa sentimita 0.00004, takriban moja kati ya 20,000 iligeuzwa kwa pembe ya kama nyuzi 90. Rutherford alitafakari hilo hadi mwaka 1911, akatoa maelezo: ndani ya atomi kuna kiini kidogo mno, chenye chaji chanya na karibu uzito wote, na kilichobaki ni uwazi ambamo elektroni zinakaa. Kiini cha dhahabu kingekuwa na upana wa sentimita moja, atomi nzima ingekuwa na upana wa kama mita 200. Mpwa wangu alilitazama duara lake lenye kiini kikubwa kama sarafu, akacheka, akasema mchoraji wa kitabu aliishiwa karatasi.

Kiini kimepatikana, lakini hesabu bado. Hesabu aliipata kijana wa Kiingereza, Henry Moseley, naye akianzia Manchester. Mwaka 1913, akiwa na miaka 25, alipanga vipande vya metali juu ya kitoroli kidogo ndani ya bomba lisilo na hewa, akakivuta kwa uzi wa hariri ili kila kipande kifike kwa zamu yake mahali pa kupigwa elektroni. Metali ikipigwa hivyo hutoa miale ya eksirei, na kila elementi ina miale ya kwake. Moseley alipima mawimbi ya miale hiyo. Alipochukua kipeuo cha pili cha marudio yake (mara ngapi wimbi hurudia kwa sekunde), yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata marudio hayo, aliona inapanda kwa hatua zilizo sawa: elementi moja, hatua moja, elementi inayofuata, hatua nyingine. Hapakuwa na nusu hatua. Kuna kitu ndani ya kiini kinachoongezeka moja moja, akasema, na kitu hicho hakiwezi kuwa kingine ila chaji ya kiini.

Uzito haupandi hivyo. Uzito hurukaruka, na mara nyingine hurudi nyuma. Teluri ikawa 52 na iodini 53, na fumbo la Mendeleev likaisha. Kobalti, ambayo ni nzito kidogo kuliko nikeli, ikawa 27, na nikeli 28. Ngazi yake ikafichua pia vidato vitatu vitupu, namba 43, 61 na 75, ambavyo hakuna mtu aliyekuwa na elementi ya kuweka, na wakemia wakajua hasa cha kutafuta. Namba 61 ndiyo iliyopatikana mwisho, mwaka 1945. Orodha aliyoichapisha Moseley mwaka 1914 ilianzia kwenye alumini, namba 13, ikaishia kwenye dhahabu. Namba 79. Basi aliyejibu swali la mpwa wangu, kwa kipimo na si kwa kukisia, ni yeye.

Mwaka uliofuata alikuwa vitani. Tarehe 10 Agosti 1915, huko Gallipoli, alipigwa risasi akafa, hajafikisha miaka 28. Lugha yetu ina neno moja tu kwa metali namba 82 na kwa kilichomuua, na nilipomsimulia mpwa wangu nililisikia neno hilo kama sijawahi kulisikia kabla. Neno "protoni" lenyewe lilikuja kutumika mwaka 1920. Moseley alizihesabu kabla hazijapewa jina.

Nilidhani tumemaliza. Kesho yake akarudi. "Namba haina rangi ya manjano," akasema.

Ni kweli, haina. Lakini namba ya protoni ndiyo inayoamua kiini kitashika elektroni ngapi na kitazishika kwa nguvu kiasi gani, na elektroni za nje ndizo zinazokutana na ulimwengu. Tofauti ya protoni moja si tofauti ndogo. Zebaki ni namba 80, jirani wa mlango wa pili. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,064. Zebaki ni kimiminika chumbani mwako, na ili igande inabidi uifikishe karibu nyuzi 39 chini ya sifuri. Protoni moja tu, na elektroni moja ya kuifuata.

Kuhusu manjano, jibu lake lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Fedha iko safu moja na dhahabu kwenye jedwali, elektroni yake ya nje ni moja vilevile, na ni nyeupe. Kwa nini dhahabu si nyeupe? Kwa sababu kiini chenye protoni 79 huvuta kwa nguvu kubwa mno, na elektroni zilizo karibu nacho huenda kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Kwenye kasi hizo kanuni za Einstein haziwezi kupuuzwa. Ngazi ya elektroni ya nje inavutwa ndani, ile iliyo chini yake inasukumwa nje kidogo, na nafasi kati yao inapungua mpaka mwanga wa buluu unatosha kuirusha elektroni kutoka moja hadi nyingine. Dhahabu inaumeza ule wa buluu. Unaorudi machoni petu ni mwanga uliopungukiwa na buluu, na huo tunauona manjano. Kwenye fedha nafasi hiyo ni pana zaidi, mwanga unaomezwa ni ule tusiouona, na wote tunaouona unarudi.

Hata hivyo, hiyo ni rangi ya atomi nyingi zilizo pamoja. Wahenga walisema si kila king'aacho ni dhahabu. Na dhahabu yenyewe, ukiichukua atomi moja moja, haing'ai. Atomi moja haina uso wa kung'aa, haiyeyuki, haifuliki. Mng'ao na joto la kuyeyuka ni mambo ya jamii nzima. Mwaka 1857 Michael Faraday alitengeneza vumbi la dhahabu laini mno, likaelea kwenye maji, na maji yakawa mekundu kama kito. Baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa London hadi leo. Ni dhahabu tupu, na ni nyekundu.

"Kwa hiyo iko sehemu mbili," mpwa wangu akasema. "Kuwa dhahabu kuko kwenye kiini. Kuonekana dhahabu kuko nje." Sikuwa na la kuongeza.

Jioni ya mwisho tulizungumza juu ya watu waliotaka kugeuza risasi kuwa dhahabu. Walikuwepo Aleksandria, Baghdad na Praha, kwa karne nyingi, na sipendi wanapodhihakiwa. Walitujengea vyombo vya kukenekea na maarifa mengi ya asidi. Hawakuwa na njia ya kujua kwamba moto wao unagusa elektroni za nje peke yake. Nguvu inayoshikilia kiini ni kubwa mara mamilioni kuliko ile inayoshikilia elektroni za pembeni, na hakuna tanuri, tindikali wala uvumilivu unaoifikia. Risasi ilikuwa umbali wa protoni tatu tu kutoka kwenye dhahabu, na protoni hizo tatu zilikuwa nyuma ya mlango ambao moto hauwezi kuufungua.

Mlango ulifunguliwa. Kwenye mtambo mkubwa wa kuharakisha chembe wa CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, viini vya risasi hukimbizwa karibu na kasi ya mwanga vielekeane. Vingi havigongani, vinapishana kwa karibu sana, na nguvu ya umeme ya kimoja inakitikisa kingine hadi kinatema protoni. Ikitoka moja, risasi inakuwa tali, namba 81. Zikitoka mbili, zebaki. Zikitoka tatu, dhahabu. Mwaka 2025 wanasayansi wa jaribio la ALICE walieleza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 viini vya dhahabu kama bilioni 86 viliundwa hivyo. Ukigawa gramu moja vipande trilioni moja, dhahabu hiyo yote ni vipande 29, na kila kiini kilidumu kitambo kifupi kisichosemeka kabla ya kugonga ukuta wa mtambo na kuvunjika.

Nilimweleza kwamba dhahabu yenyewe hawakuiona. Walihesabu protoni zilizotoka, kwa chombo kilichowekwa mbele kuzipokea.

Alikuwa anaandika: 82, kisha mstari, kisha 79. Kalamu ikasimama.

"Zile tatu zilizotoka," akasema. "Kiini cha protoni moja peke yake si ni hidrojeni?"

Akafungua ukurasa mpya, akachora duara moja la dhahabu, safari hii bila bikari, na pembeni yake viduara vitatu vidogo, kila kimoja na herufi H.